Sahani ya Dereva wa Basi la Mandera

Tangu nistaafu naota ndoto moja, haina shida nami wala mimi sina shida nayo. Ni alfajiri, na vumbi la basi linainuka mbali kwenye barabara ya Wajir. Bila kutazama saa najua nina muda wa kuchemsha maziwa na kukata nyama kabla basi halijafika. Vumbi huja polepole sana. Mara nyingine halifiki kabisa, nami nasimama pale na kisu mkononi, nimetulia, nikisikiliza maziwa. Nikiamka ndipo nakumbuka kwamba niko Garissa, nyumbani kwa dada yangu, na kwamba abiria wa Modogashe sasa wanapikiwa na ninyi.

Sadia, wewe uliyechukua mwiko wangu ndiye uliyeniomba niandike. Ulisema wahudumu wapya wanadhani ile chupa ya chai isiyo na sukari, yenye kitambaa cha kijani shingoni, ni amri ya serikali. Nilicheka mpaka dada yangu akaja kuuliza kuna nini. Haikuwa amri ya mtu yeyote. Ilitokana na dereva mmoja, na kosa langu mimi. Nitaeleza tangu mwanzo, kwa sababu kila nikianzia katikati huwa najitetea.

Nilifika Modogashe nikiwa na miaka ishirini na mitatu, kutoka kijiji cha Wapokomo kando ya mto Tana, ambako maji tulikuwa nayo mengi, mengine yakiingia mpaka chumbani. Nilishuka kwenye lori la saruji pale njia panda, nikaona mbuzi, malori na upepo. Hoteli ya Hajia Amina ilikuwa na meza tisa, paa la mabati, na jina ukutani ambalo mchanga ulikuwa umeshalifuta. Hajia alikuwa mjane asiyependa maneno mengi. Aliniuliza swali moja tu, kama najua kuosha sufuria. Nikasema najua. Akanionyesha sufuria ambayo ningeweza kuoga ndani yake.

Aliyenifundisha kazi ni mpishi mkuu, mzee Barre. Sote tulimwita Adeer, yaani baba mdogo kwa Kisomali. Kiswahili chake kilikuwa na sheria zake mwenyewe, na p yake ilikuwa b, kwa hiyo pilipili ilikuwa bilibili. Alinifundisha kupika wali wa nyama ya mbuzi usioshikana, na kukaanga vipande vidogo vya nyama na vitunguu. Alinifundisha pia kumtazama mteja anaposhuka kwenye basi, kabla hajakaa.

"Hawa," alikuwa akiniita kwa jina langu, "mtu akikaa kwa meza, yeye amejitengeneza. Angalia yeye akishuka. Bega haijui kudanganya."

Chai tuliipika kwa sufuria moja: maziwa ya ngamia, majani, tangawizi, hiliki, na mabakuli mawili ya sukari yaliyomwagwa wakati ikichemka. Hakuna mteja aliyeulizwa anataka sukari kiasi gani. Ingekuwa kama kumuuliza mtu anataka maji yake yawe na unyevu kiasi gani.

Sitaandika habari za kupandishwa cheo. Cheo jikoni mwetu kilikuwa kusogea kutoka kwenye karai la vyombo hadi kwenye moto, na moto haujali cheo. Adeer Barre aliporudi kwao Wajir kupumzika, moto ukawa wangu.

Yussuf alikuwa akiendesha basi la kutoka Mandera hadi Garissa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye ndevu za hina, na alikuwa mtu mzima kwangu, kwa hiyo naye nilimwita Adeer. Abiria walikuwa wakisema akiendesha yeye unaweza kumimina chai ndani ya basi na isimwagike. Alipofika kwetu alisimamisha gurudumu la mbele juu ya jiwe bapa lililokuwa karibu na nguzo ya kibaraza, hapohapo kila safari, wala sikuwahi kumwona akirudi nyuma kujirekebisha.

Ninyi mnajua kwamba dereva wa basi halipi chakula. Ndiye anayetuletea wateja, kwa hiyo sahani yake ni ya heshima: mnofu bora, mafuta mengi, wali uliopandishwa kama kilima, ndizi pembeni, na chai ambayo imeongezwa sukari juu ya sukari. Hivyo ndivyo Yussuf alivyokuwa akiheshimiwa kuanzia Mandera, El Wak, Wajir, mpaka kwangu. Kila mahali aliposimama, watu walimwonyesha upendo kwa kijiko.

Nilianza kuona mabega yake yakishuka kwenye basi kabla yake. Alikunywa chupa mbili za maji kabla ya kukaa, akaenda msalani mara mbili, na macho yake yakawa kama ya mtu anayesoma kitu kilicho mbali. Siku moja akaja mpaka mlango wa jikoni, jambo ambalo wateja hawalifanyi.

"Abaayo," aliniambia, yaani dada, "iko chai haina sukari?"

"Chai yangu ina ubaya gani?" Nilidhani ananitukana.

"Chai yako haina ubaya. Ubaya iko kwangu."

Ndipo akaniambia. Hospitali ya Garissa ilikuwa imempata na ugonjwa wa sukari. Vidonge havikutosha, na sasa alikuwa akijidunga sindano kabla ya kula. Ndani ya basi hakuna aliyejua: si makanga, wala Bishar, kijana aliyekuwa dereva wake wa pili, sembuse mwenye basi.

"Wakijua, wananishusha," alisema. "Niko na watoto saba Lafey. Wewe ni mbishi. Lazima mtu ambaye anabika ajue."

Alisema mpishi, kwa p yake ya Kisomali, lakini nilipenda kusikia mbishi pia, kwa sababu ni kweli.

Alinipa chupa ya akiba ya dawa yake, imefungwa kwenye leso. Joto la basi lilikuwa likiiharibu. Friji yetu ilikuwa ya soda, na ilifanya kazi jenereta ilipojisikia. Nikatafuta vyungu viwili, kimoja kikubwa na kingine kidogo, nikaweka kidogo ndani ya kikubwa, katikati nikajaza mchanga nikaulowesha, juu nikafunika gunia bichi. Nikaviweka nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo kivuli hakihami. Ukitia mkono ndani ya kile chungu mchana wa jua kali, ilikuwa kama kuutia ndani ya mto alfajiri. Nilikuwa nakwenda kuutia hata pasipo na sababu.

Sahani yake tulijifunza kwa kukosea. Mara ya kwanza nilimpa nyama tupu, nikidhani wali wote ni sumu, akafika Garissa kichwa kikimuuma na njaa imemkaba. Safari iliyofuata aliniletea karatasi ya hospitali yenye mchoro wa sahani: nusu mboga, robo nyama, robo wali au mkate. Mchoraji huyo hakuwa amefika Modogashe. Sukuma wiki ililetwa na lori kutoka upande wa Isiolo, siku ambazo lori lilikuja. Siku nyingine tulikuwa na kabichi, nyanya na vitunguu, basi, kabichi ikawa ndiyo nusu. Nyama niliichemsha badala ya kuikaanga, nikaondoa mafuta, ingawa mkono wangu ulisita kila mara, kwa sababu kumwondolea mgeni mafuta kwa Wasomali ni kama kumvua kofia. Wali nilipima kikombe kimoja cha chai. Ndizi nilimpa nusu, naye aliitazama ile nusu kama jamaa aliyehamia mbali.

Na juu ya yote nilitandaza wali kidogo kufunika kabichi, taratibu kama mtu anayetandika kitanda, ili kutoka meza ya pili sahani yake ifanane na za wenzake. Ilikuwa siri yetu. Huko kwingine, aliniambia, alikuwa akikishika kikombe cha chai tamu na kuzungumza mpaka ipoe, kisha mwenye hoteli akigeuka anaimwaga mchangani. "Mchanga ya Wajir," alisema, "sasa iko na ugonjwa yangu."

Miezi ikapita hivyo, mizuri. Kisha siku moja alifika akitokea harusi ya Wajir, macho yamefifia, ulimi umekauka. Alikuwa amekunywa vikombe vitatu vya chai tamu kwa sababu aliyekuwa akimimina ni mama wa bwana harusi. Aliogopa. Alikaa juu ya gunia la mkaa jikoni mwangu akaniambia:

"Hawa, niabie kwa Mungu. Hata nikikulilia, hata nikikutukana, usinibe sukari."

"Wallahi, sikupi," nikasema.

Nilijivunia kiapo kile. Nitakiri hapa: nilijiona kama daktari.

Mvua ilipokuja mwaka ule ilikuja kwa wingi. Basi la Yussuf lilitarajiwa adhuhuri, likaja baada ya alasiri. Baadaye nilijua kilichotokea. Alikuwa na mazoea ya kujidunga anapoona mnara wa simu wa mji wetu, kwa sababu kutoka hapo chakula kilikuwa karibu sana. Siku hiyo aliuona mnara, akasimama kando kama anayekagua tairi, akajidunga. Mbele kidogo laga ikashuka na maji, ule mto mkavu unaojaa mara moja na kukata barabara. Wakakaa hapo zaidi ya saa nzima, dawa ikifanya kazi ndani ya mtu mwenye tumbo tupu. Abiria mmoja alimpa tende. Akasema ahsante, ameshiba.

Basi halikusimama juu ya jiwe. Lilikuja upande, likagonga nguzo ya kibaraza, bati moja likaanguka mezani kwa kelele. Watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, kwa sababu waliona ni nani aliyekuwa akiendesha. Alishuka. Mabega yake yalikuwa yamelegea kama nguo iliyotundikwa. Upepo wa mvua ulikuwa baridi, naye alikuwa amelowa jasho mpaka kifuani. Akaja moja kwa moja jikoni.

"Sukari," alisema.

"Kaa, Adeer. Chakula kiko tayari."

"Nibe sukari, Hawa."

"Uliniapisha."

Akaanza kulia. Mtu mzima yule, mwenye ndevu za hina, analia mbele ya karai la vyombo. Mimi nikasimama mbele ya debe la sukari nikainua mikono. Akanitukana kwa Kisomali, matusi ambayo hajawahi kuyatamka mbele yangu, na moyo wangu ukasema: tazama, ni kama alivyokuambia, kila neno. Atalia, atakutukana, usimpe. Alipitisha mkono juu ya bega langu kulifikia debe nikausukuma. Ulikuwa baridi na umelowa, kama samaki. Kisha akaanguka kati ya magunia ya mkaa, macho wazi, asiniangalie.

Mwanamke mmoja wa lile basi aliingia jikoni bila kuuliza. Jina lake Dahabo, mtu wa Wajir, alikuwa akimpeleka binti yake kliniki Garissa. Nyuma yake wakaja Bishar na makanga, na mlango ukajaa vichwa.

"Huyu anatumia dawa gani?" aliuliza Dahabo.

Aliyejua ni mimi peke yangu, na kusema kulikuwa kumshusha kwenye usukani wake mbele ya watu wake.

"Ana sukari," nikasema. "Anajidunga sindano."

"Amekula?"

"Hajakula."

"Basi mbe sukari! Sasa hivi!"

"Nimeapa nisim—"

"Wallahi, atakufa na kiapo yako! Asali iko wabi?"

Nikampa asali. Alipiga magoti, akamlaza Yussuf ubavu, akachovya kidole na kumpaka ndani ya shavu, karibu na fizi, akachovya tena. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai tamu tayari kummiminia, akaupiga mkono wangu. "Usimwagie mdomoni. Hawezi kumeza, itaingia kwa mabafu."

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Maziwa yalichemka yakamwagika motoni, harufu yake ikajaa, na hakuna aliyesogea. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka kwa upande, na mwanga ulipita kwenye matundu ya misumari ya bati ukaweka vidoa vidogo usoni pake. Nakumbuka vidoa vile vilikuwa vinatembea. Vilipita juu ya paji la uso, vikashuka kwenye kope, nami nikawaza, vikifika kwenye ndevu kabla hajaamka, nimemuua mimi. Binti ya Dahabo alikuwa amesimama ameshika kofia ya Yussuf kwa mikono miwili, kama anayeshika bakuli lililojaa.

Koo lake likasogea. Akameza. Dahabo akampaka tena. Baada ya kitambo macho yakatafuta kitu, yakanipata mimi.

"Basi iko wabi?" aliuliza.

Dahabo alimpa soda, ile ya kawaida yenye sukari, akampa kidogo kidogo. Alipoweza kukaa, akaniamuru nilete wali. "Sukari ya soda inabita haraka. Bila chakula ataanguka tena njiani." Na Yussuf alipokuwa akila, polepole kama anayejifunza, yule mama alinigeukia akaniambia maneno ambayo nimewarudia ninyi mara nyingi kuliko mlivyotaka.

"Dada, sukari ikiwa mingi kwa damu inamuua mtu bolebole. Ikiisha, inamuua leo. Sindano ikiingia, chakula ifuate. Akitetemeka, akitoka jasho, akiwa mkali bila sababu, hiyo si tamaa. Hiyo ni damu inalia." Akamtazama binti yake. "Mimi nilijifunza kwa huyu."

Yussuf alinawa uso. Akachukua kofia yake, akavaa, akatoka mpaka mlango wa basi. Abiria walikuwa wamekusanyika pale.

"Mimi ni mgonjwa wa sukari," aliwaambia, kwanza kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. "Mwaka yote niliwaficha. Leo nimegonga nguzo. Kesho ingekuwa mtu."

Mzee mmoja akapiga kelele: "Ulitaka kutuua?"

"Sikutaka," Yussuf alisema. "Lakini ningeweza."

Akampa Bishar funguo mbele ya wote. Kisha akapanda na kukaa kiti cha abiria, dirishani. Niliuona uso wake nyuma ya kioo mpaka basi likakunja kona ya barabara ya Garissa. Hakunipungia mkono, nami sikuinua wangu.

Hakurudi. Bishar aliniambia kwamba mwenye basi alimwondoa, na kwamba amekwenda kwao Lafey, upande wa Mandera. Mimi niliendelea kulowesha mchanga wa vile vyungu kila asubuhi, wiki baada ya wiki, ingawa dawa iliyokuwa ndani haikuwa tena ya mtu. Niliacha pale nesi wa zahanati aliponiambia muda wa dawa ile umekwisha.

Ndipo nikamwambia Hajia Amina kwamba kuanzia sasa tutapika chai mbili.

"Chai haina sukari nitamuuzia nani?" aliuliza. "Hiyo ni maji ya kuosha vikombe."

Nikaifunga chupa moja kitambaa cha kijani nikaipika chai hiyo hata hivyo. Juma la kwanza niliimwaga karibu yote. Kisha akaja mfanyabiashara wa ngamia, akaja mwalimu, akaja askari aliyesema ni ya rafiki yake. Halafu Hajia mwenyewe akaomba aionje kidogo, kuona kama haijaharibika. Tangu siku hiyo aliionja kila asubuhi, kikombe kizima, na hakuna aliyemuuliza.

Ninyi mliobaki, nawaomba haya. Msimtangaze mteja. Mkaribieni, mwulizeni kwa sauti ya chini kama anatumia sindano, kama ameshajidunga, na safari yake imebaki kiasi gani. Aliyejidunga anahudumiwa kwanza, hata kama chifu amekaa meza ya mbele, na chifu atakasirika, nanyi mtamwongezea nyama. Asiyekuwa na hakika ya safari yake afungiwe chakula cha njiani: kipande cha mkate, yai la kuchemsha, na tende chache ambazo hatazila ila akitetemeka. Asali ikae mahali ambapo mkono wowote unafika. Na msimwapie mteja jambo ambalo hamjalielewa lote. Sisi ni wapishi. Tukijua robo ya udaktari, tuulize robo tatu zilizobaki.

Nilistaafu magoti yalipokataa. Mwaka huohuo, kliniki ya Garissa ikanichoma kidole na kuniambia nami nina sukari. Nilimwambia nesi kwamba najua sahani yenyewe. Akasema vizuri, nianze kuila.

Kisha siku moja simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Hawa," sauti ilisema. "Bishar amenibatia namba yako. Wamesema umestaafu. Basi njoo Lafey, ule chakula ya mtu mwingine."

Sikuwa nimewahi kwenda kaskazini ya Modogashe. Maisha yangu yote nilipikia barabara ile bila kuipita. Nilikaa dirishani, na nchi ikapita kama kitu ninachokikumbuka kutoka kwa maelezo ya wengine: miti ya miiba iliyosimama mbalimbali, ngamia waliokuwa wakielea juu ya joto bila miguu, mji unaotokea, unakaa kidogo, unaondoka. Nadhani nililala. Au sikulala, na nchi ndiyo iliyolala.

Wajir tuliteremka kula. Mhudumu aliweka mbele yangu chai ya maziwa, tamu, harufu ya hiliki imejaa, na mimi niliyewafundisha ninyi wote kusema, sikuweza kusema. Watu walikuwa wengi. Niliona aibu, sijui ya nini. Nilishika kile kikombe nikaanza kuzungumza na jirani yangu habari za mvua, nikizungumza tu mpaka kikapoa, na hapo ndipo nilipojiona. Nikakiweka chini. Nikamwita mhudumu.

"Nina ugonjwa wa sukari," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Niletee chai bila sukari, nyama ya kuchemsha, wali kikombe kimoja, na mboga yoyote mliyo nayo."

"Sawa, mama," alisema, akalitaja kwa kelele kuelekea jikoni agizo langu lote kwa namna ambayo Wajir nzima ilisikia. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nilisikitika kidogo.

Lafey nilifika siku ya pili. Yussuf alikuwa amekuwa mweupe wa ndevu, hina ameiacha, amekonda lakini amenyooka. Ana duka la unga na mafuta ya taa. Mkewe, Habiba, alinishika mikono yote miwili na kunitazama kwa muda.

"Wewe ndiye ulimnyima sukari?" aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Na ndiye ulimfichia kabichi chini ya wali?"

"Ndiye mimi."

Alifikiri. "Kuja ukule," alisema.

Tulikula sinia moja na watoto na wajukuu, na niliona jinsi Yussuf alivyochora kwa kidole mstari kwenye wali mbele yake, akala mpaka pale, akasimama. Wajukuu walikuwa wakichora mistari yao pia, kwa mchezo, kisha wakiivuka.

Baada ya swala ya alasiri tulikaa nje, viti viwili, mbele ya duka. Nilikuwa nimebeba maneno yangu kutoka Garissa.

"Adeer, nilikusukuma mkono. Nisamehe."

"Mimi sikumbuki mkono," alisema. "Nakumbuka bati inaanguka, halafu nakumbuka wewe unanitazama. Katikati hakuna kitu. Kubwa tu, na nyeube. Lakini nimefikiri sana, Hawa. Hosbitali waliniambia maneno mbili: ogoba sukari mingi, ogoba sukari kidogo. Mimi nilikubatia moja. Ile ya bili niliona aibu, kwa sababu dereva ambaye anaweza kuanguka si dereva. Nilikuabisha na nusu ya maneno. Wewe ulishika vizuri kile nilikubatia."

Tulikaa. Mbuzi walikuwa wakirudi mmoja mmoja, na mtu fulani alikuwa akiita jina kutoka mbali, pole pole, bila haraka ya kujibiwa.

Lori likatokea upande wa El Wak, limejaa, likija kwa kasi kuelekea mahali ambapo barabara inapinda mbele ya duka na watoto walikuwa wakicheza. Yussuf alikuwa akiliangalia tu, macho nusu yamefumba. Mguu wake wa kulia ukatoka ndani ya kandambili, ukatafuta mchanga, ukakanyaga, kwanza kidogo, kisha kwa uzito wote, na kubaki hapo. Lori likapunguza mwendo. Likapinda taratibu, watoto wakasogea kando wakicheka, likapita bila kumwaga chochote.

Ndipo akainua mguu.